Jiwe la Shujaa wa Hirekote

Babu yake mfalme alikuwa mchunga ng'ombe. Baba zetu ndio waliompigania mpaka Hirekote ikawa ufalme wenye tembo sitini. Mwezi uliopita jeshi la kaskazini liliuteketeza kwa siku moja.

Kwetu, anayekufa akilinda mji huchongewa jiwe lenye sura yake na habari zake. Jana waziri Narasanna aliniletea jiwe jeusi, zuri kweli.

"Fundi Bommanna, mchonge mfalme humu, anavyokufa vitani."

"Amekufa lini? Nilimwona akitoroka ndani ya machela, kajifunika shela la mkewe."

"Shika adabu! Watoto wetu watasoma nini?"

"Wasome ukweli. Aliyeshika lango mpaka akafa ni mdogo wangu Malleya. Yeye kachongewa nini?"

"Yule mpasua kuni?"

"Huyo huyo! Mfalme wako alimwachia lango akaenda zake."

Akatishia kuniitia askari. Nikamuuliza askari gani, maana wote tumewazika kwa mikono hii. Akaondoka, jiwe nikabaki nalo.

Leo asubuhi nimeanza kumchonga Malleya kwenye jiwe hilo, na pua yake pana vilevile.