Watazamaji wa Mwalimu Ouko

Mwalimu wetu wa filamu, Calvince Ouko, alikuwa na ndoto moja: watu watazame filamu yake mpaka mwisho. Katika zote alizotengeneza, watu walitoka katikati. Katika moja alitoka hata mwenye projekta.

Aliyoipenda zaidi ilikuwa ya saa nzima: mteremko wa majani chai kule Chepseon, kamera haisogei, hakuna anayesema. "Maana yote iko mwishoni," alitufundisha. Tuliandika hivyo kwenye mtihani, tukapita. Hakuna aliyekuwa amefika huko mwishoni.

Kisha Isaiah, mwenye shamba kwenye mteremko huo, akamwita jirani yake Johana mwizi, eti amesogeza mkonge wa mpaka ili amege shamba lake. Johana aliapa hajaugusa. Wakaacha kusalimiana. Naibu wa chifu akakumbuka kwamba mwalimu aliwahi kurekodi mteremko huohuo, akaomba filamu ionyeshwe kanisani.

Mwalimu alivaa koti lake la kijani. Kanisa lilijaa, na picha ilipotokea hakuna aliyekohoa. Wazee walisogeza viti mbele.

"Unaona wanavyotazama?" alininong'oneza. Machozi yalimlengalenga, nami nikamfurahia kwa moyo wote.

"Hapo!" Isaiah aliruka. "Hiyo mkonge ya katikati! Hapo ndio place yake ya zamani!"

"Basi tungoje tuone nani aliitoa," Johana akajibu.

Mwalimu akaangalia saa. Alizaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi wa kampuni ya chai, ambako shamba ni moja mpaka macho yachoke. Mkonge kwake ulikuwa mmea tu, tena uliokaa vibaya kwenye picha.

Filamu ilipofika nusu alisimama. "Wazee wangu, hapa imetosha. Ile imebaki ni hiyo hiyo tu. Twendeni tukunywe chai."

"Keti, mwalimu," akasema Johana. "Leo hakuna mtu anatoka."

Mwisho ukafika. Kwenye picha akaingia mtu mwembamba mwenye jembe. Akafumba jicho moja, akaupima mkonge, akaung'oa, akaupanda ndani ya shamba la Isaiah. Kisha akaigeukia kamera na kutabasamu. Koti ni lilelile la kijani.

"Rudisha," akasema naibu wa chifu. Wakautazama mwisho huo tena na tena, Isaiah na Johana wakiegemeana kwa kicheko.

Johana ndiye aliyeacha kucheka kwanza. "Na hizo filamu zako zingine, mwalimu, huko uling'oa nini?"

Jumamosi hii tunaonyesha ile aliyoirekodi kule Soin. Viti vyote vimeshachukuliwa, na mwalimu ametuma salamu kwamba anaumwa.