Bi Soksi Bado Hajaigizwa

Shule ile ilikuwa na desturi moja ambayo hakuna aliyejua ilianzishwa na nani. Siku moja kabla ya mahafali, baada ya chakula cha mchana, walimu wote huingia katika darasa la mwisho na kukaa kwenye madawati, magoti yakigonga mbao, na wanafunzi wanaomaliza husimama ubaoni wakawa ndio walimu. Hapo mwalimu huigizwa mzimamzima: mwendo wake, kikohozi chake, neno lake la kila siku, hata namna anavyoitafuta miwani iliyo usoni pake. Kununa ni marufuku. Anayenuna huigizwa mara ya pili, safari hii akiwa amenuna.

Wiki nzima kabla ya siku hiyo walimu hujifanya hawana habari nayo. Waongo wakubwa! Mmoja anakwenda kunyoa, mwingine anatoa shati lililolala kabatini tangu harusi ya shemeji yake, na katika chumba cha walimu hakuna mazungumzo mengine ila nani ataigizwa na nani ataachwa. Kuachwa kunauma. Mwaka mmoja aliachwa mwalimu wa michezo, na muhula mzima uliofuata akawa anapuliza filimbi yake kwa kinyongo.

Mwaka huu nyota wa shughuli alijulikana mapema. Alikuwa msichana mwembamba aliyeitwa Kaseti, na jina hilo alipewa na mwalimu wa jiografia katika mwaka wao wa kwanza. Mwalimu yule alikuwa amelipa darasa mgongo, anachora mto ubaoni, mara akajisikia anaendelea kufundisha kutoka dawati la tatu. Sauti yake kabisa, na mtetemo wake mwishoni mwa maneno. Akageuka, chaki mkononi.

"Wewe ni kaseti!" akasema.

Darasa likauliza kaseti ni nini. Basi kipindi chote kilichobaki kikaishia kwenye habari za utepe, redio, na namna ya kurudisha utepe nyuma kwa penseli. Mto ule haujafika baharini mpaka leo, na jina likaganda.

Tangu hapo Kaseti alimwiga kila mtu. Alimwiga Mkuu wa shule, mlinzi, mpishi, hata kengele. Mtu mmoja tu hakumgusa, naye ni mwalimu wa nidhamu, mwanamke mfupi aliyekuwa akisimama getini kila asubuhi akiangalia miguu ya watu. Unaweza kumsalimu, akaitikia vizuri, akakuuliza hali ya bibi yako anayeumwa, na muda wote huo macho yake yako kwenye vifundo vyako. Wanafunzi walimwita Bi Soksi. Kaseti alimwita mwalimu, na akifika nyumbani alimwita mama, maana ndiye aliyemzaa.

Walikuwa wamepatana siku ya kwanza kabisa. "Kule shuleni mimi sikujui na wewe hunijui," mama yake alimwambia huku akimfunga tai. "Sitaki kusikia watu wanasema mtoto wa mwalimu anabebwa." Na kweli hakubebwa. Jirani, msichana aliyekaa naye dawati moja miaka yote minne hata akapata jina hilo, hajaacha kuwasimulia watu kisa cha soksi mbichi. Asubuhi ile Bi Soksi alimsimamisha mwanawe getini na kumuuliza soksi ziko wapi.

"Hazijakauka, mwalimu."

"Nani alizifua?"

"Mama yangu, mwalimu."

"Mwambie mama yako afue mapema," akasema Bi Soksi, uso mkavu, akampa ufagio. Jirani alicheka mpaka akaangusha mkoba, na yeye akapewa ufagio wake.

Walipokaa kupanga watakaoigizwa, lilipotajwa jina la Bi Soksi wote walimtazama Kaseti. Kiranja wao, kijana waliyemwita Mzee kwa sababu aliota masharubu kabla ya wenzake wote, akakohoa kidogo.

"Huyu tumwache jamani. Ni mama wa mwenzetu. Heshima ni kitu."

"Kweli kabisa," wakasema wote, na wakajiona watu wazima sana. Kaseti alishusha pumzi. Mtu utamwigaje mama yako mbele ya Mkuu, mbele ya watu wanaofanya naye kazi, halafu jioni mle meza moja? Hata bafuni hakuwahi kujaribu sauti ile. Ambacho hakuna aliyekikumbuka ni kwamba madarasa yote yaliyotangulia nayo yalimwacha Bi Soksi. Wale walimwacha kwa woga, hawa wanamwacha kwa heshima, na yeye mwenyewe angejuaje tofauti?

Asubuhi ya siku yenyewe Kaseti alimkuta mama yake anapiga pasi blauzi ya buluu, ile ya kutokea.

"Eti leo mnaanza na nani?" mama akauliza, macho kwenye pasi.

"Na Mkuu."

"Aha. Na mnamaliza na nani?"

"Mwalimu wa kemia."

"Aha." Pasi ikaenda, ikarudi, ikaenda.

"Mama, huo mkono umeshanyooka."

"Nauona," mama akasema, akaendelea kuupiga pasi. Kaseti akaondoka upesi. Alichoelewa yeye ni kwamba anaonywa: thubutu uone.

Mchana walimu wakajaa darasani. Lilikuwa darasa lililochakaa vizuri, lenye dirisha moja lisilo na kioo ambalo mvua ikinyesha madawati yote huhamia upande wa pili, na ukuta wa nyuma wenye alama za urefu wao, maana Mzee aliwapima kila mwaka. Mkuu alipewa dawati la mbele, tumbo likakataa kuingia, akakaa upande. Bi Soksi alichagua benchi la mwisho, akakaa wima na blauzi yake ya buluu, mkoba magotini.

Kaseti alianza na Mkuu. Alikohoa mara tatu kabla ya kusema "Ndugu wanafunzi," akakohoa tena, akasahau alichotaka kusema, akaagiza watu watawanyike. Mkuu alicheka mpaka akakohoa kweli, na darasa likapiga yowe kwa sababu vikohozi viwili vile usingevitofautisha. Akaja mwalimu wa hesabu, ambaye kila kitu kwake ni wazi. "Ni wazi kwamba," Kaseti akaandika ubaoni kwa mkono wa kushoto, "na hapa pia ni wazi kwamba," akajaza ubao mzima, akarudi nyuma kuutazama, akajikuna kichwa. "Samahani. Futeni."

Kila sauti aliyoitoa ilikuja na siku yake. Alipomwiga mwalimu wa kemia wote walirudi ile siku ya moshi, walipokimbia hadi uwanjani na kumwacha mwalimu wao ndani ya wingu anamalizia sentensi. Jirani alijitolea kuwa moshi. Alizunguka ubaoni amejifunika kitambaa cha meza, na nyuma yake Kaseti anasikika, mtulivu kabisa: "Na hiki ndicho ambacho hakitakiwi kutokea." Watu walishika mbavu. Mzee alifuta machozi, halafu akaendelea kuyafuta hata kicheko kilipokwisha, na hakuna aliyemtania, maana wengi walikuwa katika hali hiyo hiyo. Walikuwa wameingia humu watoto wasiojuana, kila mtu na hofu yake. Sasa walijuana hadi miayo. Kaseti aliwatazama akafurahi kwa namna iliyomuuma kidogo kifuani.

Mzee akasimama kutoa shukrani. Walimu wakapiga makofi, na aliyepiga kwa nguvu kuliko wote alikuwa Bi Soksi. Alipiga mpaka wenzake walipoacha, akagundua kwamba amebaki peke yake, akaacha. Halafu akavua miwani, akaiweka ndani ya mkoba, akaubana kifungo. Mwalimu wa hesabu, aliyekaa karibu naye, akamwinamia na kumnong'oneza jambo. Bi Soksi akatikisa kichwa, anatabasamu.

"Aa, mimi nimeshazoea," akasema.

Alisema kwa sauti ya chini sana, lakini sikio la Kaseti halikuwa sikio la kawaida. Akapigwa na butwaa pale pale ubaoni. Blauzi ya buluu. Ule mkono uliopigwa pasi mpaka ukakaribia kuungua. Mnaanza na nani, mnamaliza na nani. Halikuwa onyo hata kidogo. Mama yake alikuwa akiuliza kama naye yumo, na yeye, binti wa tumbo lake, mwenye sikio la kusifiwa shule nzima, hakusikia. Aliona aibu, na chini ya aibu akaona woga, kwa sababu watu walikuwa wanainuka na nafasi hii haitarudi. Kesho ni mahafali, kesho kutwa kila mtu na njia yake.

"Mzee, bado mmoja," akasema.

"Nani tena?"

"Nimesema bado mmoja. Waambie wakae."

Akapiga moyo konde, akatoka nje, akasimama nyuma ya mlango. Hakuwa amefanya mazoezi. Hakuwa na mpango. Akaiweka mikono nyuma, akainamisha shingo kidogo, na alipoingia hakuna aliyehitaji kuambiwa ni nani.

Bila kuagizwa, watu wakaanza kuvuta miguu yao chini ya madawati. Mazoea ni mazoea. Hata Mkuu wa shule alipandisha suruali yake kidogo na kujichungulia.

Kaseti akapita katikati ya madawati taratibu, macho chini, akasimama mbele ya mwalimu wa kemia. "Hujambo mwalimu. Bibi yako anaendeleaje? Vizuri. Soksi moja nyeusi, moja ya kahawia. Wenzake ziko wapi?"

"Zimebaki nyumbani, mwalimu," akajibu mwalimu wa kemia kwa unyonge, na darasa likalipuka kwa kicheko. Kilichowachekesha zaidi ni ile sauti. Kwa wengine wote Kaseti alilazimika kulikaza koo au kulilegeza. Hii ilitoka yenyewe, kana kwamba ilikuwa imekaa mlangoni miaka yote ikingoja kufunguliwa.

Akafika benchi la mwisho. Bi Soksi akainuka, akasimama kama wanafunzi wanavyosimama, mkoba kauweka chini, mikono nyuma. Kaseti alikuwa na neno la getini tayari mdomoni, neno la kuwavunja watu mbavu. Aliangalia miguu ile, akapandisha macho mpaka usoni, na kilichomtoka ni sauti nyingine ya mama yule yule, sauti ya jikoni ambayo shule nzima haikuwahi kuisikia.

"Umekula, mwanangu?"

Hakuna aliyecheka. Walimu waliofanya kazi na Bi Soksi tangu nywele zake zikiwa nyeusi wakageuka kumtazama.

"Bado, mama," Bi Soksi akajibu. "Tangu asubuhi chakula hakipiti."

"Kwa nini hakipiti?"

"Nilidhani mmenisahau."

Kaseti akafungua mdomo amjibu kwa sauti ile ile, ikakataa. Aliyebaki pale alikuwa msichana tu mwenye sare, machozi yanamtiririka mbele ya Mkuu na mbele ya darasa zima.

"Nani akusahau wewe, mama? Nilikuwa nakuogopa tu."

Bi Soksi alimvuta, akamkumbatia kwa nguvu, blauzi ya buluu ikajikunja yote. Darasa likapiga madawati kwa viganja. Jirani alikuwa analia kwa kelele, na mwalimu wa hesabu akamwambia mwenzake kwamba hili nalo ni wazi. Hatimaye mama akamwachia mwanawe, akaokota mkoba, akatoa miwani, akaivaa na kukaa tena kwenye benchi lake, wima.

"Haya, rudia," akasema.

"Nirudie nini?"

"Rudia yote. Sikuona vizuri, nilikuwa nimevua miwani. Anzia mlangoni."

Kaseti akajifuta uso kwa mkono wa shati, akatoka nje, akaiweka mikono nyuma, akaingia tena akiwa mama yake.