Mlamba wa Kanazi

Kuku walipokimbilia chini ya migomba, Annastella naye aliinuka, akapiga makofi na kutazama juu kumtafuta mwewe. Anga lilikuwa tupu. Alipogeuka, ndege mweusi mwenye mkia wa panda alikwisha tua ukingoni mwa ungo wake wa senene, akanyakua mmoja mnono na kurudi naye juu ya mti wa kahawa, akala bila haraka.

"Amekupata," alisema baba yake, Karugendo, kutoka barazani. "Mlamba huyo. Analia kama kuku aliyeona mwewe. Ninyi mnakimbia, yeye anakula."

"Taata, si ulisema kifua kinakubana?"

"Kilibana asubuhi."

Annastella akaketi tena, akaendelea kuwanyonyoa senene mabawa na miguu kwa nguvu kuliko kazi ilivyohitaji. Asubuhi hiyo alifunga kibanda chake cha ushonaji kule Buhembe, mjini Bukoba, huku Bi Safina amesimama mlangoni na kitambaa cha harusi ya bintiye kiko ndani, hakijakatwa. Harusi ni Jumamosi. "Leo nenda," Safina alimwambia, kwa upole unaouma kuliko matusi. "Lakini nikikuta pamefungwa kesho, nampelekea fundi mwingine."

Wiki iliyopita baba yake alipiga simu akisema ni mguu. Kabla ya mguu, wezi wa kahawa, ambao hakuna jirani aliyewaona. Kila mara alifika akihema, na kila mara alimkuta mzee amenyoa ndevu, chai iko mekoni, na vikombe viwili viko mezani. Kaka yake Dastan, anayekaa Muleba, aliacha zamani kupokea simu hizo. "Mwache aite," alisema. "Akiona haji mtu, atanyamaza." Annastella alikuja na maneno hayo mdomoni, akiyatafutia mlango.

Mlamba akalia tena. Safari hii aliiacha sauti ya kuku, akatoa mlio mkali wa ndege wadogo walioona nyoka. Kuku wakatawanyika upya. Annastella hakuinuka. Aliufunika ungo kwa mkono, akamkazia macho ndege, na ndege akamkazia yeye.

"Kuku wajinga hawa. Kila siku wanadanganywa, kila siku wanakimbia."

"Si wajinga," alisema Karugendo. "Yule mweupe mwenye vifaranga siku moja alichoka kukimbia. Siku hiyo mlamba alikuwa anasema kweli. Mwewe akaondoka na kifaranga."

"Na wewe, Taata, unasema kweli siku gani?"

Swali lilitoka kabla hajalipima. Mzee aliitazama mikono yake, akaigeuza, kana kwamba jibu lilikuwa upande wa pili.

"Nikikupigia nikasema siumwi popote," alisema hatimaye, "utakuja?"

"Nina kazi."

"Basi. Ndiyo maana naumwa."

Karibu acheke, na jambo hilo likamkera zaidi. Aliosha senene, akawakaanga, akamwachia bakuli mezani. Mlangoni alisema alichokuja kukisema: "Usinipigie mpaka harusi ipite. Ukipiga, sipokei."

"Nimesikia, mwanangu."

Pikipiki iliyombeba ilikuwa imeuacha mteremko wa Kanazi, kijiji cha baba yake, simu ilipoanza kuita. Aliliona jina, akairudisha mfukoni. Ikaita mpaka ikakoma. Ikaanza tena. Alimwomba dereva asimame, akapokea.

"Taata, tumekubaliana nini?"

"Najua. Nilitaka tu ujue kwamba sijambo. Hakuna kinachouma. Kashone nguo ya watu."

Kila neno lilikuja peke yake, likisubiri pumzi. Kisha simu ikakatika. Alipopiga yeye, iliita bila kupokewa.

Annastella alisimama kando ya barabara. Mbele kulikuwa na Bukoba, kitambaa cheupe juu ya meza ya kukatia, na Bi Safina ambaye hasemi jambo mara mbili. Katika miaka yote ya simu, baba yake hajawahi kumwambia kwamba hajambo. Huenda ilikuwa kweli. Huenda alikuwa ameketi barazani sasa hivi, anatafuna senene, anahesabu muda wa pikipiki kugeuka.

"Mama, tunakwenda au tunarudi?" aliuliza dereva.

Alimlaani mzee kwa Kihaya, taratibu, neno moja tu. Kisha akamwambia dereva ageuze, na aende polepole, kwa sababu alikuwa na hasira. Kabla hawajafika kona ya kwanza, alimwambia aongeze mwendo.