Damu ya Baba Nice

Kila asubuhi, kabla ya kuinjika chai, Kemilembe alimkalisha binti yake kwenye kigoda kando ya cherehani, akamvuta kope la chini kwa kidole gumba na kutazama rangi. Ikiwa nyekundu, walikunywa chai kama watu wengine wote wa mtaa wa Kiseke. Ikianza kufifia, aliwaambia wateja wa sare za shule wasilete vitambaa vipya. Ikiwa nyeupe, alifunika cherehani, akatia kanga mbili na chupa ya uji kwenye kikapu, wakaenda hospitali.

Nice alikuwa na miaka mitano. Uboho wa mifupa yake ulikuwa mvivu wa kutengeneza damu, ndivyo madaktari walivyoeleza tangu akiwa mchanga, kwa hiyo ilibidi aongezewe ya watu karibu kila mwezi. Tena damu yenyewe ilikuwa ya kundi O hasi, ambayo wenye nayo ni wa kutafuta kwa tochi.

Kila damu ilikuja na mwenyewe. Nice alipopewa damu ya mwanafunzi wa kidato cha nne, alirudi nyumbani akikariri kanuni za fizikia na kuogopa mtihani wa taifa. Alipopewa ya askari magereza, alitandika kitanda alfajiri na kuhesabu kuku wa jirani asubuhi na jioni. Damu ya mfugaji mmoja wa Magu ilimsimamisha barabarani kila ng'ombe walipopita, akawasifu mmoja mmoja kwa Kisukuma fasaha, lugha ambayo Kemilembe, Mhaya wa Muleba, hakuijua zaidi ya salamu. Watoto wote wa wodi aliyoongezewa damu walikuwa hivyo. Mmoja aliwahi kuongoza ibada kitandani, na wazazi waliokuwepo wakaitikia amina.

"Inaisha wiki ya tatu hivi," Sista Teodora, muuguzi wa wodi, aliwaambia wazazi wapya. "Damu ikizeeka mwilini na mambo yake yanazeeka. Nyie mpeni dawa kama kawaida."

Kemilembe aliwapokea wageni hao wote. Alimpikia askari kwa wakati, akamwachia mwanafunzi taa asome. Kila wiki ya tatu ilipopita, mgeni aliondoka bila kuaga, na Nice akabaki Nice kwa siku chache, mweupe wa kope na mchovu, lakini wake peke yake.

Mwezi wa sita shule zikafungwa. Wachangiaji wakubwa wa damu ni wanafunzi, nao walikuwa makwao wakivuna mpunga, hivyo jokofu la damu likabaki tupu. Mtu pekee wa O hasi aliyekuwa karibu ni Jovinary, baba yake Nice. Jovinary alikuwa fundi wa majokofu. Kila Alhamisi alipanda meli ya mchana kwenda Nansio, ng'ambo ya ziwa, kutengeneza majokofu ya wauza samaki, akarudi Jumamosi, au Jumapili kama kazi zilikuwa nyingi. Kwa miaka yote mitano hakuwahi kutoa damu. Mara alikuwa na malaria, mara ametoka kunywa dawa, mara sindano ilimtia kizunguzungu. Safari hii Nice alilala mapajani mwa mama yake, midomo imekuwa rangi ya majivu, na hakukuwa na sababu iliyobaki. Jovinary alijilaza, akanyoosha mkono na kugeuzia uso ukutani.

Ilikuwa damu nzuri. Jioni ile ile Nice alikaa, kesho yake akatembea, na juma lililofuata alikuwa akirukaruka uani. Daktari alisema haikuwahi kumwingia damu iliyokubaliana na mwili wake namna ile, na kwamba ingekaa mara mbili ya damu za wageni. Kemilembe alilia kwa furaha.

Siku chache baadaye walikuwa wakila ugali na dagaa. Nice alionja, akasukuma bakuli.

"Hawa hawajaungwa vizuri," alisema. "Odeta anawatia karanga."

"Odeta yupi?" Kemilembe aliuliza.

"Wa Nansio. Mwenye mwanya."

Jovinary alikata tonge, akasema joto limezidi mwaka huu. Alipoona wote wawili wanamtazama, akaongeza kwamba Odeta ni mteja, ana jokofu la samaki, na linamsumbua sana.

"Jokofu lake halijawahi kuharibika," Nice alisema, akaendelea kula.

Wivu ulimwingia Kemilembe hapo hapo, akasukuma sahani yake kando. Kesho yake alianza kumhoji mtoto huku akishona. Alijua si vizuri. Alimhoji hivyo hivyo, akikanyaga cherehani, macho yakiwa kwenye sindano ili aonekane hajali. Akajua mlango wa Odeta ni wa kijani. Akajua Odeta hucheka kwanza ndipo anamaliza kusimulia kinachochekesha. Akajua Jovinary akifika huvuliwa viatu, soksi zikafuliwa usiku huo huo. Nyumbani kwake soksi hizo zilikuwa zikifika safi kila Jumamosi, na siku zote alikuwa akimsifu mumewe kwa usafi.

Lakini habari hizo hazikumuuma kama Alhamisi. Siku hiyo Nice alioga bila kuambiwa, akajipaka mafuta hadi magotini, akaenda kusimama getini akielekeza uso upande wa ziwa. Hakucheza. Alivuta pumzi ndefu za mtu mzima na kuziachia polepole. Kemilembe aliyatambua macho yale. Jovinary aliwahi kumtazama nayo yeye, zamani, kanisani Muleba, kabla hawajaoana, naye alikuwa amejiaminisha kwamba macho ya namna hiyo hupotea tu ukubwani kama meno ya utoto. Kumbe yalikuwepo na yalikuwa mazima, ila yalihamishiwa Nansio.

Jumapili ile mumewe aliporudi alimngoja amalize kuoga.

"Baba Nice, huyo Odeta ni nani wako?"

"Mama Nice, unaanza kusikiliza maneno ya mtoto mgonjwa?"

"Ni maneno ya damu yako."

Jovinary alijifuta miguu, kidole kwa kidole. Hakukasirika. Alikuwa mtu wa sauti ya chini, na watu walimpendea hilo.

"Kama damu yangu inakukera," alisema, "tutafute nyingine."

Kemilembe alimtazama Nice uani, akiruka kamba na mashavu yamemjaa. Akaenda kumpakulia mumewe chakula.

Tangu siku hiyo hakulitaja jambo hilo tena. Alinunua maini kila Jumatatu, akapika matembele na maharage, akachemsha rozela na kuipoza kwenye jagi. Jovinary alikula, akanawiri, shingo ikamjaa kwenye kola. Kila Alhamisi alikwenda bandarini ngozi yake iking'aa, na Kemilembe alijua fika kwamba anamnenepeshea mwenzake. Alitamani kutia chumvi nyingi kwenye yale maini. Hakutia, maana chumvi ile ingemfikia Nice.

Jioni moja, akimsuka, aliuliza swali alilokuwa amelizunguka kwa majuma.

"Nice, humo kwenye damu ya baba, mimi nipo?"

Nice alifumba macho. Alitafuta muda mrefu, kama mtu anayepapasa kitu chini ya kabati.

"Upo," alisema mwishoni.

"Nikoje?"

"Umeshika dawa."

"Halafu?"

"Halafu nikikuona nachoka." Akageuza kichwa. "Mama, umenivuta nywele."

Kemilembe alimaliza kumsuka, akaingia chumbani, akalia na mto mdomoni. Wivu wake sasa haukuwa wa Odeta peke yake. Alimwonea wivu yule askari magereza, akamwonea wivu mwanafunzi na mfugaji wa Magu pamoja na ng'ombe wake. Watu baki kutoka kila kona walikuwa wamepita ndani ya mtoto wake, wamelala humo, wameota humo. Yeye aliyemzaa na kumlea hakuwahi kuingia.

Siku ya kliniki, mwezi wa nane, alimvuta Sista Teodora pembeni.

"Sista, mniwekee na mimi. Kidogo tu."

"Mama Nice, wewe ni B chanya. Unajua haiendi."

"Hata kijiko?"

"Hata tone. Unataka kumuua?" Sista Teodora alimshika bega. "Lakini kama umedhamiria, toa uweke benki. Itamfaa mtoto wa mwingine."

Akatoa. Alilala akitazama dari, akiifikiria damu yake inavyokwenda. Mahali fulani mkoani humo mtoto wa watu angeamka alfajiri akiuliza kama Nice amekunywa dawa. Angejua kile kidonge cha Nice cha asubuhi huyeyushwa kwenye maji kabla ya kula chochote, angejua namna ya kuvuta kope bila kuliumiza jicho. Angejua kazi ile ilivyo nzito na inavyofanywa kwa upendo, na angalau mtu mmoja duniani angekuwa shahidi. Wazo hilo lilimfariji sana. Alitembea nalo majuma kadhaa kama mwenye mimba changa, hamwambii mtu.

Mwezi wa tisa kope la Nice likawa jeupe. Ilikuwa Alhamisi, na Jovinary alikubali kupitia hospitali kabla ya meli. Mpimaji alimtoboa kidole, akatazama kipimo na kumsifu.

"Mzee, damu imejaa. Huko nyumbani wanakutunza."

"Wanajitahidi," Jovinary alisema. Kemilembe hakujua sifa hiyo ilikwenda jiko gani.

Wodini, Nice alilazwa jirani na mvulana wa miaka sita hivi aliyeitwa Mihayo, mtoto wa mama mmoja wa Kigongo. Kemilembe alipoweka kikapu chini, yule mvulana alimtazama, akajisogeza ukutani na kumwachia nafasi kwenye kitanda chake, kama mtu anayempisha mwenzake wa nyumba moja. Mama yake aliona.

"Samahani, dada," alisema. "Wewe uliwahi kutoa damu? B chanya?"

"Nilitoa."

"Basi ni wewe. Mihayo, si ndiye huyu?"

Mihayo aliitikia kwa kichwa. Kemilembe alikaa kwenye ile nafasi aliyoachiwa, akashika ncha ya shuka.

"Amekuwaje tangu apewe?" aliuliza.

"Mwili mzima kabisa, namshukuru Mungu. Alikuwa hasimami, sasa anakimbia." Mama Mihayo alipunguza sauti. "Ila hana raha. Anasaga meno. Alhamisi ndiyo mbaya zaidi, anapanda jiwe lililo nyuma ya nyumba yetu, anatazama ziwani na kusonya mpaka jua linazama. Ana chuki na mtu anayeitwa Odeta. Ana mwanya, anasema. Sisi huko kwetu hatuna Odeta. Nilimpeleka mpaka kwa mchungaji."

Kemilembe alikunja ncha ya shuka, akaikunjua.

"Hajamtaja Nice?"

"Nani?"

"Nice. Mtoto wangu, huyu hapa."

Mama Mihayo alimgeukia mwanawe. "Mihayo, unamjua Nice?"

Mvulana alimtazama yule msichana wa kitanda cha pili kwa makini na kwa adabu. Alifikiri. Ilionekana anatafuta kwa bidii, kwa sababu alikuwa mtoto msikivu.

"Simjui," alisema.

"Na dawa?" Kemilembe aliuliza. "Hajui habari ya dawa? Ya asubuhi, ya kuyeyusha kwenye maji?"

"Dawa gani, dada?" Mama Mihayo aliuliza.

Kemilembe aliiachia ncha ya shuka. Aliona haya, haya ya kweli, ya kutaka ardhi immeze. Yule mama wa Kigongo alikuwa akimtazama, na Kemilembe aliyajua macho yale kwa sababu yalikuwa yake mwenyewe alipomfikiria mwanamke wa Nansio.

"Mwanangu hakuwa na chuki na mtu," Mama Mihayo alisema taratibu. "Sisemi usitoe. Damu yako imemsimamisha, nitaikataaje? Ila siku nyingine, nakuomba, utoe ukiwa umetulia."

"Nisamehe, dada," Kemilembe alisema.

"Yataisha. Sista anasema wiki ya tatu."

Jovinary alitokea mlangoni na pamba mkononi, akimalizia soda anayopewa kila aliyetoa. Alimshika Nice kichwani, akatazama saa.

"Mimi nawahi meli," alisema.

Kemilembe alikuwa na maneno mengi. Aliyapanga yote mdomoni kwa utaratibu, kisha akahesabu miezi mpaka Desemba, shule zitakapofungwa tena.

"Nenda," alisema. "Kula vizuri huko."

Mfuko wa damu ulining'inizwa. Ilishuka tone kwa tone, na polepole midomo ya Nice ikapata rangi, kisha kucha, kisha mashavu. Kabla mfuko haujafika nusu alikuwa ameketi.

"Meli imeshaondoka?" aliuliza.

"Bado."

"Nipeleke dirishani."

Kemilembe alimbeba, akisukuma kile chuma cha mfuko kwa mguu. Mihayo naye alishuka kitandani, akaburuta kiti, akapanda na kusimama kando yao. Chini, meli ya Nansio ilikuwa ikijitoa gatini taratibu, watu wamejaa ukingoni, na haikuwezekana kujua yupi ni nani. Ilipiga honi. Nice alipunga mkono usio na sindano, akapunga mpaka mwili mzima ukayumba, akicheka. Kemilembe alimkaza kiunoni asianguke, akabana midomo ili asonye, lakini Mihayo alikuwa amekwisha kumtangulia.