Viatu vya Mguu Mmoja

Mama Soli hakuwa na desturi ya kumbembeleza mtu, na siku ile forodhani hakuona sababu ya kuanza. Alikuwa amevuka daraja kwa miguu, akaingia nchi ya jirani, na sasa alisimama mbele ya meza ya Afisa, mkono kiunoni, akiyatazama masanduku yake kupitia dirishani. Yalikuwa yamerundikwa ghalani chini ya turubai. Ndani yake mlikuwa na viatu vya wauguzi wa hospitali ya mji ule, ngozi nyeusi, soli laini, vyote amevishona kwa mkono mpaka vidole vikaota sugu juu ya sugu.

"Mama, nimeshakwambia," Afisa alisema. "Amri imetoka juu. Viatu kutoka kwenu haviingii."

"Wiki iliyopita viliingia."

"Wiki iliyopita mlikuwa hamjakataa mayai yetu."

Kisa chenyewe ndicho hicho. Wakubwa wa kwao walikataa mayai ya jirani, jirani naye akakataa vitunguu vyao, wakaendelea kulipizana hivyo mpaka wakafika kwenye viatu. Na katika hao waliotia sahihi, hakuna hata mmoja aliyekuwa na yai wala kitunguu ndani ya lori. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Na kunguru mwenyewe alikuwa pale pale kwenye benchi, amekunja nne, anakunywa soda.

Watu walimwita Bwana Plastiki, kwa sababu viatu vya plastiki vya mji ule wote vilitoka dukani kwake. Hospitali ilikuwa imeshasema kwamba kama viatu vya Mama Soli havitakuwa miguuni mwa wauguzi mwisho wa mwezi, kazi atapewa Bwana Plastiki. Na bila kazi ile, karakana aliyoachiwa Mama Soli na baba yake ilikuwa ya kufungwa.

"Mzigo uliokamatwa unapigwa mnada, Mama," Bwana Plastiki alisema kwa upole wa kuudhi. "Nitaununua mimi, kwa bei ya chee. Halafu wewe njoo kwangu, nitakupa kazi ya kupaka gundi. Mambo ya sindano yamepitwa na wakati."

"Hiyo gundi jipake mdomoni," Mama Soli alimjibu, akatoka.

Nje alijikuta anacheka peke yake. Kulikuwa na jambo moja ambalo Bwana Plastiki hakulijua. Baba yake Mama Soli, aliyeibiwa mizigo mpakani mpaka akachoka, alimwachia binti yake mwiko mmoja: viatu pacha havipandi lori moja. Vya kushoto vinatangulia, vya kulia vinafuata. Mwizi akivamia upande mmoja, ameiba takataka. Vya kushoto vilishafika hospitali kabla ya amri ya viatu. Masanduku yale ya ghalani yalikuwa ya kulia matupu.

Siku ya mnada alirudi. Mgeni haruhusiwi kununua, kwa hiyo aliyekuja kununua ni wifi yake, dada wa marehemu mumewe, aliyeolewa ng'ambo hii na sasa ndiye muuguzi mkuu. Alifika na wenzake, wamevaa sare, wamechangishana walichonacho. Dalali alifungua sanduku la kwanza, akatoa kiatu, akatafuta mwenzake, akafungua la pili. Watu wakaanza kucheka.

"Haya, jamani! Kuna mteja wa mguu mmoja hapa?"

Wifi akanyoosha mkono. Mambo yangeishia hapo, lakini Bwana Plastiki hakuwa mjinga. Aliitazama miguu ya wauguzi: kushoto wamevaa kiatu kipya cheusi, kulia kandambili. Akaelewa. Wifi alitaja bei, yeye akapandisha. Wifi akapandisha, yeye akapandisha tena, mpaka mchango wa wauguzi ukakauka na nyundo ya dalali ikagonga meza.

"Sasa mtanunua kwangu," alisema, akijipangusa jasho. "Kiatu kimoja kwa bei ya jozi."

Wauguzi wote wakageuka kumtazama Mama Soli. Ngozi ilikuwa imemwishia, na hata angekuwa nayo, mwezi usingetosha kushona upya. Lakini alipoliona lile tabasamu la Bwana Plastiki, hasira ilimpanda, akamsogelea.

"Kaa navyo," alimwambia. "Tena ulale navyo. Na nyinyi dada zangu, mtu asimpe hata senti. Vaeni hivyo hivyo, kushoto kiatu, kulia kandambili. Mkiulizwa, semeni ukweli."

"Na mwisho wa mwezi, wifi?" muuguzi mkuu alimnong'oneza.

"Walisema viatu viwe miguuni. Hawakusema miguu mingapi."

Basi wauguzi wakaingia wodini hivyo hivyo. Mgonjwa gani atakaa kimya akiona miguu ya namna ile? Waliuliza, wakaambiwa, na jina la Bwana Plastiki likatajwa kuanzia chumba cha sindano hadi wodi ya wazazi. Kina mama waliokuja kupima watoto walilibeba wakalifikisha sokoni kabla ya mboga zao. Afisa wa forodha naye alikuja na jipu mahali asipotaka kupataja. Wifi alimtazama, akainua sindano.

"Vumilia, baba. Mguu mmoja juu, mmoja chini, mkono nao unayumba."

Afisa alishika kitanda kwa mikono miwili.

Pale dukani kwa Bwana Plastiki, vumbi lilianza kukaa juu ya viatu. Watu walipita, wakachungulia, wakaenda zao. Mkewe, aliyekuwa mjamzito na siku zake zimekaribia, alirudi kutoka kliniki akamwambia kwamba yeye hawezi kujifungulia mikononi mwa watu ambao mumewe amewafungia viatu, achague moja.

Mwezi ukiwa ukingoni, Bwana Plastiki alipakia masanduku kwenye gari, akashika njia ya darajani kwenda kumrudishia mwenyewe. Upande wa pili wakamsimamisha. Viatu kutoka kwenu haviingii, wakamwambia, maana nako amri ilikuwa imetoka juu. Aliketi kwenye benchi, juani, asubuhi yote. Mwishowe aliliacha gari pale pale, akaenda kwa miguu mpaka karakanani, shati limemganda mgongoni.

Mama Soli alikuwa anapiga nyundo. Hakuinua kichwa.

"Mama, nimekuja kukurudishia viatu vyako. Bei niliyolipa, basi, nimesamehe."

"Umevileta? Viko wapi?"

"Viko mpakani. Wamevizuia."

"Ala! Kumbe inauma?"

Mama Soli aliweka nyundo chini, akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza. Alikuwa ameyaandaa maneno makali kwa siku nyingi, lakini sasa aliona hayahitajiki.

"Mimi sikuagiza viatu," alisema. "Vinatakiwa huko huko ulikovitoa. Twende tuligeuze gari. Na ujue, kiatu cha karakana hii hakikabidhiwi mkononi kama andazi. Fundi anapiga goti, anamvisha mteja, anamwambia atembee. Baba yangu alifanya hivyo, nami nafanya hivyo."

"Basi utawavisha."

"Mnadani ulivinunua, ni vyako. Utawavisha wewe."

Jioni ile, kwenye baraza ya hospitali, wauguzi walijipanga ukutani wakavua kandambili. Wifi alikaa wa kwanza, akanyoosha mguu wa kulia. Wagonjwa walijaa madirishani, na mmoja alitoka na dripu yake ili asipitwe. Bwana Plastiki alisimama na kiatu mkononi, akatazama huku na huku, kisha akakunja suruali akapiga goti. Mguu uliingia bila taabu. Aliinua macho akautazama mstari, jinsi ulivyopinda kona ya jengo na kupotea.

"Wote hawa?"

Mama Soli alivuta kiti, akakaa.

"Wote," alisema. "Kaza kamba."