Kengele ya Shukrani

Mwalimu mstaafu alipoanzisha huduma ya maombi sebuleni kwake, aliipangia ratiba kama ya shule: shukrani dakika tano, maombi dakika kumi, kisha malengo. Aliyezidisha muda aligongewa kengele ya shaba aliyozawadiwa siku ya kustaafu. Lengo kuu lilikuwa kuijaza sebule. Kufikia katikati ya mwaka alikuwa ameijaza viti.

Jioni moja hata mama fundi cherehani, muumini wa mwisho aliyebaki, hakuja. Wiki iliyotangulia alikuwa akimshukuru Mungu kwa kupona kwa mwanawe, mwalimu akamkatiza kwa kengele machozi yakiwa bado yanamtiririka. Sasa walibaki mwalimu na mkewe tu. Huduma ilikuwa inakata roho.

Akapiga magoti. "Bwana, watu hawa hawana nidhamu. Ratiba ni nzuri, viti ni safi, nami mtumishi wako sijachelewa hata mara moja..." Aliendelea kujisifu kwa Kiswahili sanifu, mpaka kengele ikalia nyuma ya kisogo chake.

"Mama watoto! Bado naomba!"

"Muda umekwisha, mwalimu," akasema mkewe. "Na shukrani hata hujaigusa."

Alitaka kukasirika, kicheko kikamtangulia. Akavaa viatu, akaenda kwa fundi, akasimama mlangoni kama mwanafunzi mchelewaji.

"Nisamehe, mama. Ile shukrani yako... ilikuwa imefika wapi?"

Fundi akaiacha cherehani, akamkagua mikono. "Kengele iko wapi?"

"Mama watoto ameitaifisha."

"Basi kaa, mwalimu. Ndiyo kwanza nilikuwa naanza."