Mlinzi wa Pili

Alhamisi saa nne asubuhi kumbukumbu ya kompyuta ya wodi ya watoto njiti ilifika asilimia tisini na sita, na fundi wa seva akaisukuma chai yake pembeni. Asilimia hizo zingekuwa za maabara, angemaliza chai yake kwanza. Lakini dada yake alikuwa wodini siku ya tisa sasa, kando ya binti aliyezaliwa kabla ya miezi kutimia, kitoto cha kukaa kiganjani ambacho mara kwa mara kilisahau kupumua. Kikisahau, kifaa cha kifuani kilipeleka habari kwenye kompyuta hiyo, nayo ikapiga kengele kwa wauguzi, wakaja kukikuna nyayo, kikakumbuka. Jumatatu kengele ilichelewa sekunde arobaini. Muuguzi aliyekuwa akipita tu njia alikikuta midomo imeshabadilika rangi.

Kompyuta yenyewe ilikuwa pepe, yaani huwezi kuigusa. Seva moja kubwa chumbani kwa fundi ilibeba tano za namna hiyo, kila moja imegawiwa kumbukumbu yake na kujiona bibi wa nyumba. Nne zilikuwa nzima. Hii ya tano ilivimba, na kilichomtoa jasho fundi ni kwamba programu zote zilizokuwemo, ukizijumlisha, hazikula hata robo. Kilichobaki kilishikwa na kiini cha mfumo, huko chini ambako orodha ya kawaida haimuliki.

Miwani, mwenzake wa ofisi moja, mtu wa kutibu kila kitu kwa swichi, alishauri waizime na kuiwasha kama walivyofanya Jumatatu. Fundi alikataa katakata. Kuiwasha upya ni dakika sita bila kengele, na ugonjwa ungerudi tu. Akavuta kiti, akakosea nywila mara mbili, kisha akafungua hesabu za kiini chenyewe.

Kumbukumbu ilikuwa imejaa majina ya faili. Mamilioni kwa mamilioni, na karibu yote ya faili ambazo hazijawahi kuwepo. Kiini kina tabia hiyo: ukikiuliza faili fulani iko wapi, hata kama haipo, kinalihifadhi jina ili kesho kisihangaike kutafuta. Nafasi ikikaribia kuisha ndipo kinasimamisha kila kitu na kuanza kufagia, na kompyuta nzima inaduwaa kwa muda, kengele na yote.

"Sasa nani huyo anayeuliza faili zisizokuwepo?" Miwani akauliza.

Fundi alifuatilia, akapata jibu. Alikuwa ni yeye. Siku mpwa wake alipolazwa, kwa woga, aliandika programu ndogo ya kuilinda kompyuta ile. Kila kufumba na kufumbua iliuliza faili yenye jina jipya, ili kuhakikisha kwamba diski bado inajibu. Jumatatu, baada ya kengele kuchelewa, woga ukazidi, akaongeza mlinzi wa pili.

Miwani alisoma jina la mwandishi pale juu ya programu, akakohoa kidogo. Akasema kwa sauti ya chini, "Zifute. Tuseme mfumo ulikuwa na hitilafu. Nani atajua?"

Fundi aliwazima walinzi wote wawili, kisha akampigia simu muuguzi wa zamu. Alimweleza kwamba atakiamuru kiini kiyaachie majina yote kwa mkupuo, na kwamba kwa muda wa dakika moja hivi kengele itakuwa imekufa, kwa hiyo kila kitanda kisimamiwe na mtu mwenye macho. Muuguzi akasema subiri, akaita wenzake, akarudi kwenye simu akasema tayari.

Akabonyeza. Kioo kikaganda. Fundi hakuwahi kuogopa vile maishani mwake; hakuthubutu kuuliza lolote kwenye simu. Halafu tarakimu zikaporomoka hadi ishirini na mbili, na muuguzi akasema kengele imeitika, watoto wote wanapumua.

Miwani alimpongeza. Fundi alikuwa ameshashika mlango.

Wodini alichuchumaa mbele ya dada yake, akamweleza yote bila kuzunguka: kilichojaza kompyuta, ni nani aliyekiandika, na kwamba Jumatatu kengele ilichelewa kwa sababu hiyo. Dada alimsikiliza bila kumkatisha, mkono mmoja ukiwa juu ya kile kisanduku cha kioo alimolala mtoto.

"Kwa hiyo huyo mlinzi wa pili uliyeniambia Jumatatu usiku," dada alisema, "ndiye alikuwa anaimaliza?"

"Ndiye."

"Na mimi siku tatu hizi nimekuwa nalala, mdogo wangu. Nalala kabisa. Nilijiambia umemwekea mlinzi."

Fundi alisema sasa imepona, ameihakiki mara mbili. Dada akaitikia kwa kichwa, kwa adabu, kama mtu anavyomwitikia mgeni. Kisha akasogeza kiti mpaka magoti yakagusa kisanduku, akainama, akaanza kukitazama kifua cha mtoto.